Kabla ya kuamini kinachong'aa

"Dada, mbona na hivi vitupu vimeshika?"

Aliyeuliza ni binti aliyekuja fildi kwenye maabara ninayofanyia kazi hapa Tanga. Alikuwa kwenye hadubini tangu tumalize chai ya saa nne. Tulikuwa na slaidi mbili. Ya kwanza ilikuwa na seli nyekundu za damu, baadhi zikiwa na vimelea vya malaria, zimechanganywa na vishanga vya plastiki vilivyobandikwa protini ya ukuta wa mishipa ya damu inayoitwa EPCR, tuone kama seli zitaishika. Ya pili ilikuwa na seli zilezile na vishanga vilevile, ila havikubandikwa kitu.

Nikainama nikatazama hiyo ya pili. Seli moja ilikaa katikati, ndani yake doa la kahawia, mabaki ambayo kimelea huyaacha baada ya kula hemoglobini. Ubavuni mwake kulikuwa na vishanga vitatu vya kijani, vinang'aa. Vishanga vingine vilivyokuwa peke yake majini vilitetemeka bila kutulia, kwa sababu kitu kidogo kiasi kile husukumwa huku na kule na molekuli za maji. Hivi vitatu vilikuwa vimeacha kutetemeka. Vimeshika kweli.

Nikaweka slaidi ya kwanza. Picha ileile, vishanga vimezidi kidogo.

Nikampa jibu ambalo mtu yeyote wa kazi hii angempa: plastiki tupu inanata, usivihesabu hivyo. Akaandika kwenye daftari lake, akaendelea na kazi.

Mimi jibu lile likanikaa kooni kwa wiki kadhaa.

Plastiki ni ileile

Jibu lenyewe ni la kweli, na hilo ndilo lililonisumbua. Vishanga vyetu ni vya polistirini, upana wake mikromita moja. Seli nyekundu ina upana wa mikromita saba hadi nane, kwa hiyo kishanga ni kidogo cha kutosha kukaa juu ya seli kama alama, na ni kikubwa cha kutosha kuonekana kikiwa kimoja kimoja. Polistirini haipendi maji. Ikikutana na protini yoyote yenye sehemu zisizopenda maji, huishika bila kuombwa. Sahani za ELISA, kipimo cha kutambua protini, tunazotumia kila siku zimetengenezwa kwa plastiki hiyohiyo, na zinafanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Kipimo cha baridi yabisi cha mwaka 1956, kile cha Singer na Plotz, kilitegemea chembe za polistirini zilizovikwa kingamwili kwa kuchanganywa tu.

Basi kishanga kitupu kinanata. Sawa.

Lakini kile chenye EPCR ni cha plastiki gani? Ileile. Tumekifunika kwa protini, ndiyo, ila nani amehakikisha kwamba tumekifunika chote? Ikiwa kimebaki na viraka vitupu, viraka hivyo vitashika seli kama vilivyoshika kwenye slaidi ya pili, na mimi nitakaa kwenye kiti nikihesabu "EPCR imeshika" wakati kilichoshika ni plastiki.

Nilipomwambia yule binti asivihesabu vile vitupu, kumbe nilikuwa namwambia akifute kitu pekee kwenye meza ile kilichokuwa na la kutuambia.

Kubandika, na hewa ya bahari

Kwa wasioifanya kazi hii, kubandika kunasikika kama jambo la gundi. Vishanga vinavyouzwa kwa ajili hii huja vikiwa na vikundi vya kemikali viitwavyo kaboksili usoni. Protini nayo ina vikundi vya amini, hasa kwenye asidi amino ya laisini. Kemikali iitwayo EDC huamsha kaboksili, kaboksili iliyoamshwa hukamata amini, na hapo kunakuwa na kifungo cha kudumu. Yote hufanyika kwenye bafa (maji yenye kemikali za kutunza kiwango cha asidi) yenye asidi kidogo, na haitakiwi iwe bafa ya Tris, maana Tris yenyewe ina amini na itajibandika mahali pa protini yako.

Shida ni kwamba EDC ina adui mmoja mkubwa, maji. Kaboksili iliyoamshwa isipokutana na amini upesi, maji huirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana wengi huongeza kemikali nyingine, NHS, ili hatua ile ya katikati idumu zaidi. Na EDC yenyewe, ikiwa unga kwenye kichupa, hunyonya unyevu wa hewa.

Maelekezo ya kwenye boksi huwa na sentensi moja fupi kuhusu hilo: acha kichupa kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua. Hapa Tanga, wakati wa masika, sentensi hiyo ni nusu ya kazi. Ukitoa kichupa kwenye friza na kukifungua kikiwa bado na baridi, hewa ya baharini inaingia na kugeuka matone ndani yake papo hapo. Unaona unga uliokuwa mwepesi umeanza kushikana kwenye kingo za kioo. Kwa macho bado ni EDC. Ukiupima kwenye mizani, uzito upo. Nguvu ndiyo haipo. Siku hizi tunaugawa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, vinakaa kwenye mkebe wenye vikaushio, na kilichofunguliwa hakirudi.

Vishanga navyo vina masharti yake, ila kinyume chake: visigande kamwe. Vikiganda hushikana mafungu mafungu na hata ukivitikisa vipi havirudi kuwa kimoja kimoja. Boksi la povu likishushwa stendi ya Kange kutoka Dar, jambo la kwanza ninalotazama ni kama chupa ya vishanga imelazwa moja kwa moja juu ya barafu.

Nayaeleza haya kwa sababu kila hatua hapo inaweza kushindwa kimyakimya. EDC iliyochoka haitoi harufu wala haibadilishi rangi. Unapata vishanga vyenye protini chache, viraka vingi vya plastiki, na vinang'aa vilevile, kwa kuwa rangi imo ndani ya plastiki wala haitokani na protini.

Mng'ao hausemi lolote kuhusu kilichobandikwa.

Kuna na suala la uso. Laisini zimetawanyika pande zote za protini, kwa hiyo EDC hubandika popote inapoweza. Molekuli moja ya EPCR itakaa imeangalia nje, nyingine itakuwa imebandikwa kwa uso uleule ambao kimelea kilipaswa kuushika. Njia nzuri zaidi ni kuipa protini mkia wenye molekuli moja tu ya biotini, ambayo ni vitamini, kisha kutumia vishanga vilivyovikwa streptavidini, protini inayoishika biotini. Kifungo cha biotini na streptavidini ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu zaidi vinavyojulikana katika viumbe hai bila kuwa cha kikemia cha kudumu, na kwa kuwa mkia uko upande wa nyuma, protini zote zinaangalia nje. Tahadhari moja tu: RPMI, maji tunayokuzia vimelea, ina biotini ndani yake. Vishanga vibebeshwe protini kwanza kwenye bafa safi, vioshwe, ndipo vikutane na RPMI.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kwa nini basi tunahangaika na vishanga, badala ya kuiwekea protini rangi na kuimwaga kwenye seli?

Kwa sababu protini nyingi za usoni mwa seli hushikana kwa udhaifu mno. Kwenye seli za kinga za panya, CD2 na mwenzake CD48 huachiana kabla sekunde moja haijaisha. Ukimwaga CD2 yenye rangi, kisha ukaosha, umeosha kila kitu. Lakini weka maelfu ya CD2 kwenye kishanga kimoja. Moja ikiachia, nyingine bado zimeshika, na ile iliyoachia iko karibu, inashika tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema, na kishanga ni mkono mzima. Njia hii iliwaonyesha watafiti mishiko ambayo vinginevyo isingeonekana kabisa.

Nimeipenda njia hii tangu niielewe. Niliipenda kiasi kwamba sikuona upande wake wa pili.

Kishanga hukuza kila mshiko, hakichagui. Kikikuza mshiko dhaifu wa kweli, kinakuza pia mshiko dhaifu wa hovyo: kiraka cha plastiki, protini iliyojikunja vibaya, chaji za umeme za kawaida kati ya nyuso mbili. Mia moja za hovyo zikishikana mikono zinakaza kama kumi za kweli. Na seli yenye kimelea kilichokomaa si seli ya kawaida. Uso wake umebadilika, una vinundu, ni mgumu zaidi kuliko wa jirani zake, unanata kirahisi. Kwa hiyo hata kule kusema "mbona vishanga havikushika zile zisizo na kimelea" hakunitoshi tena.

Kwa nini EPCR, na kwa nini hapa

Wasomaji wangu wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa malaria kali ni nini. Kila mmoja ana jina la mtoto.

Kinachostahili kuelezwa ni jinsi kimelea kinavyojificha. *Plasmodium falciparum* huzunguka ndani ya seli nyekundu kwa takribani saa 48. Katika nusu ya pili ya mzunguko huo, hutoa protini iitwayo PfEMP1 kwenye uso wa seli na kujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, ili damu isikipeleke kwenye wengu kikaangamizwe. Ndiyo maana kwenye slaidi ya mtoto aliyezidiwa mara nyingi unaona vimelea vichanga tu vya pete. Vilivyokomaa vimejibana kwenye mishipa, mingine ya ubongo. Kimelea kina jeni takriban 60 za PfEMP1, na huvaa moja kwa wakati mmoja.

Mwaka 2012 watafiti walilinganisha jeni hizo kwa watoto waliolazwa Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu, wakaona kwamba aina fulani za PfEMP1 zinaandamana na malaria kali. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba aina hizo hushika EPCR. Hiyo ni protini ya ukuta wa mshipa ambayo kazi yake ni kusaidia kuamsha protini C, inayozuia damu kuganda ovyo na kutuliza uvimbe. Kimelea kikiikalia, mshipa unakosa kinga yake pale pale kimelea kilipo.

Muheza nako kuna hadithi yake. Akina mama wajawazito waliofuatiliwa hospitalini pale miaka ya mwanzoni mwa 2000 wamechangia sana kuelewa malaria ya kondo la nyuma, ambako kimelea huvaa PfEMP1 moja maalumu, VAR2CSA, na kushika sukari iitwayo CSA. Mwaka 2015 ikabainika kwamba seli za saratani za aina nyingi nazo hubeba sukari inayofanana na ile ya kondo. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti kikabandika VAR2CSA kwenye vishanga vya sumaku, kikavitumia kunasa seli za saratani zilizokuwa zikielea kwenye damu ya wagonjwa. Protini ya adui wa mama mjamzito inamsaka adui mwingine. Nikisoma habari hiyo moyo unanidunda hadi leo.

Niliirudia kazi hiyo ya VAR2CSA katika wiki zile za kusumbuka, nikitafuta jambo moja tu. Waliwezaje kuwa na uhakika?

Kukiomba kishanga kiachie

Walijaribu kuizuia.

Kama VAR2CSA inashika seli kwa sababu ya CSA, basi ukimimina CSA huru kwenye tyubu, protini itajaa CSA hiyo na kuiacha seli. Ukiitibu seli kwa kimeng'enya kinachokata sukari ile, protini haitapata pa kushika. Plastiki inayonata haijali lolote kati ya hayo. Itashika tu.

Nilikuwa nimeyajua haya tangu chuoni, kama kila mtu anavyoyajua. Lakini katika mazoea ya maabara tulikuwa tumeuweka uzito wote upande mmoja: namna ya kufanya kishanga kishike vizuri zaidi. Protini zaidi, EDC mpya zaidi, muda mrefu zaidi, picha iliyojaa kijani zaidi. Swali la yule binti lilinigeuza upande wa pili. Mshiko nisioweza kuuvunja kwa makusudi sina haki ya kuupa jina.

Tukaanza upya. Vile vitupu tukaviondolea upendeleo kwanza: si haki kulinganisha plastiki uchi na plastiki iliyovikwa. Vishanga vya kulinganishia sasa vinapita njia yote ileile, EDC ileile, kuoshwa kulekule, ila protini inayobandikwa ni albumini ya ng'ombe, ambayo kimelea hakina shughuli nayo. Kisha makundi yote mawili yanafunikwa kwa albumini na kuongezewa Tween 20, aina ya sabuni, kidogo ili viraka vilivyobaki vizibwe. Mshiko wa vile vya kulinganishia ulishuka sana. Haukuisha, na sidhani kama utaisha.

Halafu tyubu ya kuzuia. Seli zinapewa kwanza EPCR huru, isiyo na kishanga, kwa wingi. Baada ya hapo ndipo vishanga vya EPCR vinaingia.

Yule binti ndiye aliyehesabu, na nilimpa slaidi bila kumwambia ipi ni ipi. Baada ya kufungua majina tukaona kwamba sehemu ya mshiko ilikuwa imeondoka pale EPCR huru ilipotangulia. Sehemu, si yote. Sehemu hiyo iliyoondoka ndiyo ninayoiita EPCR sasa. Iliyobaki naiita iliyobaki.

Picha yetu imepungua kijani. Naiamini kuliko ile ya mwanzo.

Damu isiyo na majimaji yake

Hapo ndipo tulipofika, na hapo ndipo mimi na kaka mmoja tunayefanya naye kazi tunapovutana.

Mwaka 2018, watafiti walichapisha jambo ambalo kila anayebandika protini kwenye vishanga angepaswa kulisoma. Walichukua vipande vya PfEMP1 vilivyotengenezwa maabara, vikashika EPCR vizuri. Kisha wakachukua seli nyekundu zenye vimelea vilivyovaa PfEMP1 hizohizo nzima. Sehemu ya seli hizo hazikushika EPCR kama vipande vyao vilivyotabiri, na seramu ya binadamu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ilipunguza mshiko. Kipande kilichokatwa na kusafishwa kilikuwa na tabia yake, protini nzima juu ya seli ikawa na yake.

Jambo hili halifuti ya Korogwe. Uhusiano wa aina zile za PfEMP1 na malaria kali umeonekana tena na tena kwingineko. Ila linatufunga sisi wa vishanga. Sisi tumeichukua EPCR kutoka ukutani mwa mshipa, tumeiosha, tumeibandika kwenye plastiki, tumeikutanisha na seli ndani ya bafa safi isiyo na kitu. Mtoto wa Korogwe hana bafa kwenye mishipa yake. Ana plazima, majimaji ya damu yenyewe, yenye kingamwili za mama yake kama bado ni mchanga, yenye protini C, yenye albumini na mafuta na mamia ya protini nyingine zinazogombea uso uleule.

Kaka yangu anasema tukiweka seramu mng'ao utashuka karibu na ule wa vishanga vya kulinganishia, na hapo hatutakuwa na cha kuonyesha. Anasema tuthibitishe kwanza kwenye bafa, tuandike, seramu ifuate baadaye katika kazi nyingine. Namheshimu, amenitangulia miaka mingi, na hoja yake si ya uvivu. Kazi ndogo kama yetu inaweza kufa kabla haijazaliwa ikibebeshwa kila swali siku ya kwanza. Na ni kweli kwamba bafa safi huonyesha kama mshiko unawezekana.

Lakini najua kazi nyingine hiyo ya baadaye huwa inafanyika mara ngapi.

Mimi nataka safu ya seramu iwe kwenye jedwali lilelile, pembeni ya safu ya bafa, hata kama itasoma karibu na sifuri. Tuna seramu ya wachangia damu wa kundi AB tunayokuzia vimelea, haigharimu kitu cha ziada. Nimemwonyesha binti jinsi ya kuipasha moto nyuzi 56 kwa nusu saa ili kuzima komplimenti, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, na nimemwomba atenge pia kiasi kisichopashwa, kwa sababu damu ya mtu nayo haijapashwa. Kaka ameona tyubu hizo kwenye friji. Hajazitoa.